Pweza, kasa au mikoko: kijiji cha pwani ya kusini kianze na kipi?

Mpwa wangu anaishi Mbagala, Dar es Salaam. Yeye na wenzake waliotoka kijijini kwetu, upande wa ghuba ya Mikindani, Mtwara, wana kundi la simu la kusaidiana misiba na harusi. Juzi kanipigia. "Shikamoo mjomba. Tumechanga, na safari hii si ya msiba. Tunataka kuhifadhi bahari ya nyumbani. Wengi wanasema kasa. Wewe wasemaje?" Nikaitikia marahaba, nikamwomba siku chache, maana jambo lenyewe si la kumalizwa kwa vocha ya dakika tano.

Jibu langu ni refu kuliko alivyotaka, na nimeona niliweke hapa hadharani, kwa sababu swali hilohilo huulizwa kuanzia Kilwa mpaka Msimbati kila anapofika mtu mwenye nia njema na fedha kidogo mkononi. Tulinde nini? Kwa nguvu za kijiji cha kawaida, mambo yanayowezekana ni matatu: kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache, kulinda viota vya kasa, au kurudisha mikoko. Yote matatu ni mazuri. Hayalingani hata kidogo.

Nyangumi namweka kando mapema. Kati ya Julai na Novemba wale wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka kwenye bahari ya barafu ya kusini kuja kuzalia huku kwenye vuguvugu, na asubuhi tulivu ukisimama Msimbati unaweza kuona mgongo mweusi ukiinuka na maji yakirushwa juu kama bomba limepasuka. Mpeleke mtoto akaone. Lakini kilichompa nyangumi nafasi ya kupumua ni mataifa kukubaliana kusimamisha uwindaji wake wa kibiashara, amri iliyoanza kutekelezwa 1986. Mchango wa watu arobaini wa Mbagala hauna pa kushika hapo. Mwani nao siuhesabu. Ni kilimo, tena kizuri, ila ukiitisha mkutano wa kuhifadhi bahari kisha ukagawa kamba za mwani, umebadilisha mada.

Saa ya mnyama

Watu wengi huchagua mnyama kwa sura yake. Kasa ana macho ya huruma, basi kasa anashinda. Mimi ningeanza na kuuliza mnyama huyu anaishi kwa saa gani, na sisi tunaishi kwa saa gani, kisha nione kama mishale inakutana.

Pweza wetu wa mwambani huishi mwaka mmoja na kidogo. Ndani ya muda huo anatoka kwenye yai dogo kuliko punje ya mchele, anaelea baharini, anatua mwambani, anakuwa mnyama wa kilo kadhaa, anazaa mara moja tu, anakufa. Kasa wa kawaida, yule wa rangi ya kijani kijani, huchukua kati ya miaka ishirini na arobaini kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Kifaranga kitakachotoka mchangani mwaka huu, kikinusurika, kitarudi kutaga wakati mpwa wangu ana wajukuu. Mkoko upo katikati: miezi ya kwanza unahangaika kushika mizizi, na ukitaka kuona kaa, kamba na samaki wadogo wamehamia chini yake, hesabu miaka.

Sasa weka pembeni saa ya mwanakijiji. Anayeshuka mwambani bamvua hii, siku hizi za maji kupwa sana, anatafuta mchuzi wa leo na sare ya mtoto ya Januari. Ukimwambia asubiri miezi mitatu atakukunjia uso, lakini atakusikiliza. Ukimwambia asubiri miaka thelathini atakuona mtu mwema, atakupa kiti, ataendelea na shughuli zake.

Hapo ndipo pweza anapowapita wenzake wote.

Pweza: faida ya haraka, na ugomvi wa haraka

Wacha nimsifie kidogo kwanza, kwa sababu tumemzoea kwenye supu tukasahau ni kiumbe cha namna gani. Ana mioyo mitatu. Damu yake ni ya buluu, kwa kuwa kinachobeba hewa ndani yake kina shaba badala ya chuma. Sehemu kubwa ya neva zake, karibu theluthi mbili, ziko mikononi na si kichwani, ndiyo maana mkono uliokatwa huendelea kupapasa kana kwamba una jambo lake. Anabadilisha rangi kabla hujamaliza kupepesa jicho. Na jike akishataga huziba mlango wa pango kwa vijiwe, akabaki ndani akiyapulizia mayai maji safi, hali chochote, mpaka yanapoanguliwa naye anaisha. Mtu akiniambia pweza si mnyama wa kuvutia watu wa Dar kuchanga, nitamwambia hajamtazama.

Kufunga mwamba ni jambo rahisi kulieleza. Kijiji kinachagua mwamba mmoja, si yote, kinauwekea maboya, kinakubaliana kwamba kwa miezi mitatu hakuna anayeshuka hapo na chuma wala mkuki. Pweza hukua kwa kasi ya ajabu. Mdogo wa nusu kilo akiachwa na chakula chake, baada ya wiki chache si yule tena. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua wa chini ya gramu 500, na hilo ni jema, lakini jike anayebeba mayai mara nyingi ameshavuka kilo mbili. Anayeheshimu kanuni neno kwa neno bado anaweza kuvua bikira siku zote. Kufunga mwamba kunaziba pengo hilo.

Wazo hili lilijulikana sana baada ya kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kufunga eneo lake mwaka 2004. Limeshafika Zanzibar, na huku kwetu Kilwa, upande wa Songosongo, wanalijua. Kwa hiyo mtu asije akakuuzia kama kitu kipya. Kuna watu wa karibu wa kuwauliza, wanaozungumza Kiswahili chako, na nauli yake haizidi safari ya kwenda kuzika.

Kuna ahadi moja ambayo hutolewa vibaya, nayo imevunja imani ya watu mahali pengi. Wanaambiwa: funga mwamba, pweza watazaliana hapo, watoto watajaa hapo. Hapana. Mtoto wa pweza akitoka kwenye yai huelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua chini, na anaweza kutua kwa jirani, au kwa jirani wa jirani. Unachovuna siku ya kufungua ni uzito: walewale wadogo, wamekuwa wakubwa. Watoto ni zawadi yako kwa pwani nzima, na zawadi ya vijiji vingine kwako. Ukilisema hivyo tangu mwanzo, hakuna atakayekuja kukudai watoto.

Ugomvi nao upo, na huja upesi. Wa kwanza ni wavuvi wa dago. Hao wanakuja na boti zao, wanapiga kambi mwezi mmoja, hawakuhudhuria mkutano wenu na hawana mtoto shuleni kwenu. Usiku mmoja wa tochi wanaweza kumaliza kilichosubiriwa na kijiji kwa wiki kumi. Wa pili ni wachuuzi. Siku ya ufunguzi pweza wanajaa mchangani, mchuuzi anaona mlima, bei inateremka. Kijiji kilichosubiri kinauza bei ya hasara, na mwaka unaofuata hakuna wa kumwita mkutanoni. Wa tatu hausemwi sana: nani anaingia kwanza? Vijana wenye miwani na mikuki wanazamia mpaka kwenye vina, wakati akina mama wanatembea kwa miguu maji yakipwa, kila mmoja na chuma chake cha kuchokolea. Mlango ukifunguliwa kwa wote kwa wakati mmoja, vijana wanabeba, akina mama wanaokota kilichobaki. Na akina mama ndio walioacha mwamba wao siku zote hizo, maana kijana alikuwa na kina kingine cha kwenda.

Mambo hayo yanatengenezeka. Bei ipatanwe na wachuuzi wawili au watatu kabla ya kufungua, si mmoja. Siku mbili za kwanza za bamvua ziwe za waendao kwa miguu, wazamiaji waingie kuanzia siku ya tatu. Dago zijulishwe mapema na sheria ndogo iwe imepita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri, ili mgambo na kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi wakimkamata mtu wawe na karatasi ya kuonyesha. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ndiyo inayokipa kikundi hicho mgongo wa kuegemea. Bila karatasi ni mdomo na mdomo.

Na tarehe. Hili wageni hawalijui, sisi tunalijua. Mtwara na Lindi fedha inaingia kwa korosho, na minada huanza Oktoba. Funga mwamba Oktoba, watu wakiwa na hela ya korosho, hata kidogo. Fungua kwenye bamvua ya kwanza ya Januari, hela ya korosho ikiwa imeshakwisha na shule zinafunguliwa. Nimeona mpango wa kufunga mwamba uliopangwa kwa kalenda ya bajeti ya mradi badala ya kalenda ya watu, ukaangukia miezi ya njaa. Walifunga kwa maboya tu; mwamba wenyewe haukufungika hata siku moja.

Jambo la ziada ambalo haliandikwi kwenye hesabu: mwamba ukipumzika, matumbawe yanapumzika na vyuma. Kumchokoa pweza kwa haraka ni kupindua mawe na kuvunja. Pwani yetu ilipigwa baruti kwa miaka mingi, mpaka wavuvi wa Mtwara, Lindi na Kilwa wenyewe wakaungana miaka ya 1990 kuipinga, na joto la bahari la mwaka 1998 likapausha matumbawe karibu Bahari ya Hindi nzima. Mwamba uliobaki unahitaji likizo.

Kasa: mzuri kuliko wote, mgumu kuliko wote

Sina ubishi na wanaompenda kasa. Wa kawaida anachunga majani ya bahari kama ng'ombe achungavyo nyasi, na majani yaliyochungwa huchipua upya. Ng'amba, yule wa gamba la thamani na mdomo kama wa kasuku, hula sifongo ambazo zingefunika matumbawe. Jike hupanda ufukweni usiku, anachimba, anaacha mayai mia moja au zaidi, anafukia, anarudi baharini asigeuke nyuma. Baada ya kama miezi miwili vifaranga vinatoka. Na jinsia ya kifaranga haiamuliwi na baba wala mama: mchanga ukiwa wa moto, takriban zaidi ya nyuzi 29, wanatoka majike wengi, ukiwa wa baridi, madume. Fikiria maana yake dunia ikizidi kupata joto.

Sheria iko wazi kabisa. Kumvua kasa, kumchinja au kuchukua mayai yake ni kosa. Na kwa asiyeogopa sheria kuna habari ya Machi 2024 kutoka Kisiwa Panza, Pemba: watu tisa, wanane kati yao watoto, walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na wala huwezi kuijua kwa kumtazama mnyama. Hadithi hiyo peke yake, ikisimuliwa na mtu wa Pemba aliyekuwapo, ingefanya kazi kuliko mabango kumi.

Ugumu uko kwingine. Shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi ya kasa na nguva kwenye pwani ya Tanzania tangu 2001, likiwa na walinzi wa vijijini wanaotembea fukwe alfajiri kutafuta nyayo na viota. Tazama neno "tangu". Mlinzi wa kasa si wa msimu mmoja. Anatembea kilomita kadhaa mchangani, usiku au kabla ya alfajiri, mwaka baada ya mwaka, na siku nyingi harudi na kitu zaidi ya nyayo za nguchiro na mbwa waliomtangulia kwenye kiota. Ukimlipa mwaka mmoja ukaacha, umemfundisha mtu mahali pa kupata mayai. Nasema hivyo bila kumtusi yeyote. Njaa ni njaa.

Na hata ukilinda kila kiota, mnyama mwenyewe anatembea. Kasa waliovishwa alama Komoro na Shelisheli wameshaonekana kwenye maji ya Tanzania. Anayetaga kwako anaweza kuwa anakula kwa wengine, na njiani kuna jarife. Nyavu hizo za macho makubwa, zinazotegwa usiku kucha kusubiri papa na taa, hazichagui. Ndizo zilizomfanya nguva kuwa hadithi ya wazee. Ndizo pia, kwa bahati ya ajabu, zilizomtoa silikanti huko Songo Mnara mwaka 2003, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na madude ya kale mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kijiji kikitaka kweli kumsaidia kasa, kazi kubwa ni kuzungumza na wenye jarife. Hilo ni zungumzo la wanaume wazito wenye mtaji, wala si picha ya mtoto akiachia kifaranga ufukweni.

Kwa hiyo kasa namchagua lini? Pale ambapo kweli anataga. Fukwe nyingi za ghuba yetu ni tope na mikoko. Kasa hapandi hapo hata umwekee zulia. Msimbati na fukwe za mchanga zinazoelekea bahari kuu ni jambo jingine, na huko kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650 za nchi kavu na maji. Kijiji kilicho ndani ya hifadhi kina mlango wa kugonga. Huko ningesema kasa kwanza, na kazi ya kwanza isiyo na gharama: zima taa zinazoelekea baharini, na magari yasipite juu ya mchanga usiku. Kifaranga hufuata upande wenye mwanga, na kikitumbukia kwenye njia ya tairi kinaweza kukaa humo mpaka kunguru wafike.

Mikoko: panda kidogo, linda kingi

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu makosa ya mikoko karibu yote ni kosa moja.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata mradi. Ulikuja na miche, fulana na mpiga picha. Tukapanda mbele kabisa, kwenye tope tupu, kwa kuwa ndipo palipokuwa peupe na safu za miche zingeonekana vizuri. Mzee mmoja mkata boriti alisema pale hapajawahi kuota mkoko tangu babu yake. Akaambiwa hana utaalamu. Kusi ilipovuma, miche ikalala. Iliyobaki ikavikwa magamba ya chaza mpaka ikazama. Fulana zilidumu kuliko miche.

Kila mti una mahali pake. Mlilana na mchu ndio wanaostahimili kusimama mbele wakipigwa na maji. Mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui, uko nyuma yao kando ya vijito. Msinzi na mkandaa wanarudi nyuma zaidi, karibu na nchi kavu. Mara nyingi huhitaji kupanda. Mbegu za mkoko zinaanguka zenyewe, ndefu kama bamia kubwa, zinaelea zikitafuta pa kusimama. Ukikuta mahali pamebaki patupu miaka, uliza maji yamezuiwa wapi. Lindi na Mtwara jibu mara nyingi ni shamba la chumvi lililoachwa: tuta lipo, maji hayaingii, udongo umeungua. Vunja tuta kwanza. Kwa majembe na siku mbili za nguvu kazi unaweza kupata mikoko mingi kuliko kwa miche ya kununua. Ruhusa iombwe kwa Wakala wa Huduma za Misitu, maana mikoko yote ni msitu wa hifadhi, hata ile iliyo nyuma ya choo chako.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu ya samaki wadogo na kamba wanaokulia humo, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu ya upepo. Wazee wa Lindi wanakisimulia kimbunga cha 1952. Aprili 2019 Kenneth kilipiga Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na Mtwara nzima ililala macho. Mei 2024 Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Dar upande wa Somanga, tukakaa kisiwani bila kupanda ngalawa. Msitu wa mikoko hauzuii kimbunga. Unapunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye visima na mashamba, na unashika udongo usiondoke nayo.

Upande kwa upande

Fedha: pweza anahitaji kamba, maboya, mizani ya kuaminika na mafuta ya doria kwa miezi mitatu, basi. Kasa anahitaji posho ya kila mwezi isiyokatika. Ukiwa huwezi kuahidi miaka kumi, usianze peke yako, jiunge na walioanza. Mikoko inahitaji jasho kuliko hela, na hela ikizidi huwa inaharibu.

Anayeumia wakati wa kusubiri: kwa pweza ni akina mama wa mwambani, ndiyo maana wao ndio wachague mwamba upi ufungwe. Kwa kasa ni mwenye jarife. Kwa mikoko ni mkata kuni na mchemsha chumvi. Ukiona mkutano umekubali kwa makofi na mtu wa aina hiyo hayupo ukumbini, huo si mkutano.

Kipimo: pweza unampima kwa mizani siku ileile, na kila mtu anaona. Viota vya kasa vinahesabika, ila kiota si kasa. Kati ya vifaranga mia wengi wanaliwa kabla jua halijapanda. Mikoko hupimwa kwa miche iliyo hai baada ya miaka mitatu. Anayekutumia picha ya siku ya kupanda hajakupa kipimo.

Kukosea: ukikosea pweza, umepoteza miezi mitatu, na mwakani unarekebisha. Ukikosea mikoko umepoteza miaka mitatu na moyo wa watu. Ukikosea kasa unaweza usijue kabisa kwamba umekosea.

Kuna kijiji ambacho pweza hakifai. Chenye mwamba mmoja tu, kikiufunga kitakula nini? Na kile ambacho majirani wameshakataa kushirikiana, kitakuwa kinawafugia wenzake. Hapo nenda kwenye mikoko kama kuna kijito, au kwenye mchanga kama kuna nyayo za kasa, na ukubali mwendo wake.

Kwetu kuna miamba mitatu inayofikika kwa miguu. Kasa nimewaona wawili tu wakitaga katika umri wangu wote, na wote walikuwa ng'ambo, upande wa Msangamkuu. Mikoko ipo, mingi bado imesimama, na tuta la chumvi moja linahitaji kuvunjwa.

Basi mpwa wangu, jibu langu kwako na wenzako ni hili. Tuanze na pweza, mwamba wa katikati, Oktoba mpaka bamvua ya kwanza ya Januari. Shangazi zako wameshakaa mara mbili kulijadili, na sharti lao ni kwamba vijana wenye miwani wasubiri siku mbili. Siku ya kufungua, kila anayeuza atoe kidogo kwa kila kilo kabla ya kuondoka kwenye mizani. Fedha hiyo imlipe kijana mmoja wa Msangamkuu atembee ufukwe kutafuta viota, maana nyinyi mlitaka kasa na sitaki mseme mjomba amewapuuza. Tuta la chumvi tutalivunja wenyewe siku za maji mafu, maji yasipojaa sana, hilo halihitaji mchango, ruhusa ikishatoka.

Tuma kamba nene ya nailoni na maboya ya kutosha kuzungusha mwamba. Yale ya njano yanaonekana mbali. Mizani iwe ya kuning'iniza, ya kilo hamsini, mpya. Fulana msishone.